Georg Ohm: Mwana wa fundi wa kufuli aliyejificha nyuma ya sabufa yako

UMELIPIA sabufa mbili za inchi 12. Fundi amezifunga ndani ya sanduku, akalipachika kwenye buti na kukurudishia ufunguo. Unawasha muziki. Wimbo wa kwanza, vioo vinatetemeka. Wimbo wa pili, majirani wanachungulia madirishani. Wimbo wa tatu, kimya. Kwenye amplifaya taa ndogo nyekundu imewaka, na ukisogeza pua karibu unapata harufu ya kitu kilichoungua.

Kama hayajakukuta, shukuru. Mimi yalinikuta jioni ya Jumamosi nikiwa kwenye foleni ya Thika Road, na marafiki watatu ndani ya gari waliokuja makusudi kusikiza besi mpya. Amplifaya ile nilikuwa nimeiwekea akiba miezi saba. Fundi aliyenifungia alisema mashine ilikuwa mbovu tangu dukani. Nilimwamini kwa wiki mbili hivi, mpaka siku nilipoigeuza sabufa moja ili niipige picha niiuze, nikaona nyuma ya sumaku yake pameandikwa 4 Ω.

Alama hiyo ni herufi ya Kigiriki, omega, na hapo inasomwa ohm. Uliikariri kwenye fizikia ya sekondari ukaisahau siku ya mwisho ya mtihani. Kumbe ohm ni jina la mtu. Alikuwa mwalimu wa shule ambaye alikosa kazi aliyoitaka kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na jambo lililoiunguza amplifaya yangu yeye alikuwa amelipima karibu miaka 200 iliyopita, akitumia maji yanayochemka, barafu na vipande vya waya.

Georg Simon Ohm alizaliwa Machi 16, 1789, mjini Erlangen, katika eneo ambalo leo ni Bavaria, Ujerumani. Baba yake, Johann Wolfgang, alikuwa fundi wa kufuli. Mama yake alikuwa binti wa fundi cherehani, na alifariki Georg akiwa na umri wa miaka 10 hivi. Watoto walizaliwa saba katika nyumba ile, lakini waliofikia utu uzima ni watatu tu: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao Elizabeth.

Sasa huyu baba ndiye wa kumtazama. Hakuwa na elimu rasmi ya maana, lakini alikuwa amejisomea mwenyewe hisabati, fizikia, kemia na hata falsafa, kisha akawafundisha wanawe nyumbani kuliko walivyofundishwa shuleni. Georg alipokuwa na umri wa miaka 15, profesa mmoja wa chuo kikuu cha pale mjini, Karl Christian von Langsdorf, alimpima kwa maswali, akatoka akiwalinganisha vijana hawa na ukoo wa Bernoulli, ukoo wa Uswisi uliotoa wanahisabati kizazi baada ya kizazi. Fikiria fundi wa kufuli anaambiwa hivyo kuhusu watoto wake.

Basi 1805 Georg akaingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Na hapa ndipo utamtambua, kwa sababu alifanya yale yale. Alicheza dansi, akateleza kwenye barafu, akashinda kwenye meza ya biliadi. Vitabu vilikaa. Baba aliona jasho lake linapotea, akakasirika, na baada ya mihula mitatu kijana akatolewa chuoni. Septemba 1806 alipelekwa Uswisi kufundisha hisabati katika shule moja huko Gottstadt, karibu na Nidau. Alikuwa na miaka 17.

Alipotaka kumfuata Langsdorf, ambaye alikuwa amehamia Heidelberg, mzee yule alimshauri asome kazi za wakubwa wa hisabati peke yake, kina Euler na Laplace. Georg alitii. Alifundisha mchana, akasoma usiku, na 1811 akarudi Erlangen na kupata shahada yake ya udaktari mwaka huo huo.

Ungedhani mambo yalinyooka. Wapi! Alifundisha chuoni mihula mitatu, mshahara ukiwa haumtoshi, akaacha. 1813 akapata kazi kwenye shule duni huko Bamberg, na 1816 shule hiyo ikafungwa. Akahamishiwa nyingine hapo hapo mjini, iliyofurika wanafunzi. Katikati ya mahangaiko hayo aliandika kitabu cha jiometria, akampelekea mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Tatu. Mfalme alikipenda, na 1817 Ohm akapewa kazi katika shule ya sekondari ya Wajesuti mjini Köln. Shule hii ilikuwa na kitu ambacho zile nyingine hazikuwa nacho: maabara nzuri ya fizikia.

Mwaka 1820 habari ilitoka Denmark kwamba Hans Christian Oersted amegundua waya wenye umeme husukuma sindano ya dira. Habari hiyo iliwasha moto kote Ulaya. Ohm naye akaingia maabara baada ya vipindi. Swali lake lilikuwa la kawaida mno: nikirefusha waya, umeme unaopita unapungua kwa kiasi gani?

Jaribio lake la kwanza, alilolitangaza 1825, lilimpa jibu lisilo sahihi. Sababu ilikuwa betri. Betri za enzi hizo zilikuwa sahani za metali zilizopangwa kwenye majimaji ya chumvi au asidi, na nguvu yake ilishuka kadiri ulivyoitumia. Ohm alikuwa anapima waya kwa kitu ambacho chenyewe hakitulii. Wewe unalijua jambo hilo hata kama hujawahi kulipa jina: besi ikigonga usiku, taa za gari zinafifia kidogo kila mdundo. Volti za betri zinashuka, zinapanda. Jaribu kupima chochote hapo.

Mhariri wa jarida lililochapisha kazi hiyo, Johann Poggendorff, alimpa wazo. Achana na betri, tumia joto. Miaka michache nyuma, Thomas Seebeck alikuwa amegundua kwamba ukiunganisha metali mbili tofauti, kiungo kimoja kikawa moto na kingine baridi, umeme mdogo lakini thabiti unapita. Ohm akaunda chombo chake mwenyewe, na hapa mkono wa mwana wa fundi wa kufuli ulionekana. Aliunganisha bismathi na shaba. Upande mmoja akautia kwenye maji yanayochemka, upande wa pili kwenye barafu. Maji yakichemka yanabaki kwenye joto lile lile, barafu inayoyeyuka nayo haibadiliki, kwa hiyo nguvu yake ya umeme ikatulia kama mizani ya duka. Juu ya waya akaning'iniza sindano ya sumaku kwenye ukanda mwembamba wa metali. Umeme ukizidi, sindano inajipinda zaidi.

Kisha akachukua vipande vinane vya waya wa shaba, kila kimoja na urefu wake. Akaunganisha cha kwanza, akasoma sindano. Cha pili, akasoma. Akarudia siku nyingine, na nyingine. Takwimu zikajipanga. Umeme unaopita ni sawa na msukumo wake ukigawanywa kwa ukinzani wa njia nzima. Ukinzani ukiwa nusu, mkondo unakuwa maradufu. Basi. Hiyo ndiyo sheria ya Ohm, aliyoitangaza 1826.

Sasa njoo tena kwenye buti la gari langu.

Amplifaya inasukuma umeme kwenye koili ya sabufa. Chukua mfano rahisi: inasukuma kwa volti 20, na sabufa ina ohm 4. Gawanya 20 kwa 4, unapata ampea 5, na nguvu yake ni wati 100. Koili ikiwa ya ohm 2, mkondo unapanda hadi ampea 10 na wati 200. Ohm 1, ampea 20 na wati 400. Unaona kwa nini watu wanashawishika? Kila ukipunguza ohm, besi inaongezeka bila kununua mashine nyingine. Lakini mkondo huo wote unapita kwanza ndani ya amplifaya, kwenye transista zake, na joto linapanda nao. Ndiyo maana kila amplifaya ina kikomo, kimeandikwa kwenye kijitabu chake na mara nyingi kwenye mwili wake pia: isiunganishwe na mzigo wa chini ya ohm 2, au 4, au 1. Yangu iliandikwa 2. Sikuwahi kuisoma.

Sabufa zangu zilikuwa mbili, kila moja ikiwa na koili mbili za ohm 4. Jumla koili nne. Namna ya kuziunganisha ndiyo inayoamua amplifaya itaona nini.

Fikiria basi la abiria. Likiwa na milango miwili, watu wanashuka haraka kuliko likiwa na mmoja, maana kila mtu anachagua mlango wake. Hiyo ndiyo sambamba, mafundi wanaiita paraleli: chanya zote pamoja, hasi zote pamoja. Ukinzani unapungua. Koili mbili za ohm 4 zikiwa sambamba zinakuwa ohm 2, na zikiwa nne zinakuwa ohm 1. Lakini ukiweka milango hiyo miwili mmoja nyuma ya mwingine, kila abiria lazima apite yote miwili, na foleni inakuwa ndefu. Huo ni mfululizo, au sirizi: hasi ya koili ya kwanza inaunganishwa na chanya ya koili ya pili. Hapo unajumlisha tu. 4 na 4 ni 8.

Fundi wangu aliunganisha koili zote nne kwa paraleli. Ohm 1 kwenye mashine ya ohm 2. Kwa nyimbo mbili ilipiga vizuri kuliko wakati wowote mwingine, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu kosa hili huanza kwa kukufurahisha.

Alichopaswa kufanya ni hiki. Koili mbili za kila sabufa kwa sirizi, ziwe ohm 8. Kisha sabufa mbili kwa paraleli, 8 na 8, zinarudi kuwa 4. Ni salama kabisa, japo sipati nguvu yote ya mashine. Nilitaka 2 kamili? Ningenunua sabufa za koili mbili za ohm 2, nikaziunganisha namna hiyo hiyo: 2 na 2 ni 4, kisha 4 na 4 kwa paraleli ni 2. Kwa hiyo hesabu inafanywa dukani, kabla ya kulipa. Ukishafika nyumbani na koili zisizokubaliana na mashine, hakuna ufundi wa waya utakaozikubalisha.

Kuna mtego mwingine wa amplifaya za chaneli mbili au nne. Mafundi wanapenda kubriji, yaani kuunganisha chaneli mbili zisukume sabufa moja. Ukifanya hivyo, kila chaneli inaona nusu ya mzigo. Sabufa ya ohm 4 inakuwa kama ohm 2 kwa kila upande. Kama kijitabu kinasema mwisho ni ohm 4 ikiwa imebrijiwa, usithubutu kuweka 2 hapo.

Turudi kwa mwenyewe. 1827 Ohm alikuwa Berlin, amechukua likizo ya mwaka mzima kwa nusu mshahara, anaishi na nduguye Martin. Huko ndiko alikotoa kitabu chake kikubwa kuhusu hesabu ya mkondo wa umeme. Alikuwa na miaka 38, na alitumaini kitabu kitamfungulia mlango wa chuo kikuu.

Kilimfungia. Wanafizikia wengi wa Ujerumani wakati ule hawakuzoea kuona umeme ukitendewa kihesabu namna ile, na wengine waliamini ukweli wa maumbile unapatikana kwa kutafakari, si kwa kugawanya namba. Georg Friedrich Pohl alikishambulia kitabu waziwazi. Wengine walinyamaza tu, na nadhani kunyamaziwa kulimuuma zaidi. Machi 1828 Ohm alijiuzulu kazi yake ya Köln. Kwa miaka mitano iliyofuata aliishi Berlin kwa kufundisha hapa na pale, pamoja na shule ya kijeshi. Mtu aliyekwisha kulipata jibu ambalo kila fundi umeme duniani analitumia leo alikuwa akitafuta kibarua.

1833 alipata nafasi katika shule ya ufundi ya Nuremberg. Ilikuwa kazi ya heshima, ila haikuwa ile aliyoiota. Kisha upepo ukageuka kutoka ng'ambo. 1841 Royal Society ya London ilimtunukia nishani ya Copley, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za sayansi wakati huo, na mwaka uliofuata ikamfanya mwanachama. Kwao nyumbani, Chuo cha Sayansi cha Bavaria kilimpokea 1845. Mtanisamehe, lakini sisi Wakenya tunaijua hiyo: mtu wetu hatumwoni mpaka ashangiliwe kwingine.

Katikati ya hayo, 1843, alitoa wazo kuhusu sauti ambalo mpenda muziki angepaswa kulijua zaidi ya lile la umeme. Alisema sikio, likisikia sauti iliyochanganyika, huitenganisha katika sauti sahili, nzito na nyembamba, kila moja kivyake. Alipingwa tena, ila miaka ya baadaye Hermann von Helmholtz aliliendeleza wazo hilo. Ukikaa nyuma ya nganya ukasikia besi chini, sauti ya mwimbaji katikati na matoazi juu, zote zikitoka mara moja na bado unazitofautisha, Ohm alikuwa amelifikiria hilo pia.

Kuna jambo hakuliishi akaliona. Umeme aliopima ulikuwa wa kwenda upande mmoja. Muziki ndani ya waya unakwenda na kurudi, mara nyingi kwa sekunde, na koili inaupinga zaidi ya vile waya wake peke yake ungefanya. Upinzani huo wa jumla ulipewa jina la impidansi 1886 na Mwingereza Oliver Heaviside, aliyekuwa karani wa simu za maandishi na aliyeacha shule akiwa na miaka 16. Ndiyo maana sabufa iliyoandikwa ohm 4 ukiipima kwa mita inasoma 3 na kitu. Haijaharibika. Mita inaona waya tu. Muziki ukipiga, namba inapanda na kushuka kulingana na masafa ya sauti, na ile 4 ni makadirio ya kukusaidia kuchagua mashine.

Ohm aliitwa Munich 1849, na 1852, akiwa na umri wa miaka 63, akapewa hatimaye kiti cha profesa wa fizikia katika chuo kikuu cha huko. Alikikalia miaka miwili. Alifariki Julai 6, 1854. Hakuwahi kuoa. Mwaka 1881 wataalamu wa umeme kutoka mataifa mbalimbali walikutana Paris wakakubaliana kipimo cha ukinzani kiitwe ohm.

Ile amplifaya niliiuza kama spea. Nyingine nimeinunua mwaka huu, ya ohm 2 pia, na waya nimezifunga mwenyewe sebuleni, sanduku likiwa wazi. Kabla ya kuunganisha chochote na mashine niligeuza mita hadi kwenye alama ile ya Kigiriki, nikagusa ncha mbili za mwisho. Ikasoma 3.6. Nikaweka fyuzi karibu na betri, nikawasha kwa sauti ya chini, nikasubiri wimbo wa tatu.